Kipepeo Niliyemtupia Kuku

Nilianza kufuga vipepeo mwaka 2017, baada ya mahindi yangu kukauka misimu miwili mfululizo. Shamba letu linapakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Gede, pwani ya Kenya, ambako Mradi wa Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993, kwa hiyo wazo la kuishi kwa kuuza wadudu halikuwa geni masikioni mwetu. Mfugaji hupata wazazi wachache kutoka msituni kwa kibali, huwaweka katika kizimba cha neti chenye mmea wanaoutagia, hukusanya mayai, hulisha viwavi hadi wageuke pupa, kisha huuza pupa hizo zikiwa bado changa ili zisafirishwe kwa ndege kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Mtaji wangu ulikuwa shilingi 18,500, zilizoishia kwenye mbao, neti, misumari na miche. Siafu walikula mavuno yangu ya kwanza yote kwa usiku mmoja, lakini hilo kila mfugaji atakusimulia. Mimi nataka kusimulia hasara nyingine, ambayo sikuonywa na mtu yeyote: hasara iliyotokana na mabawa yenye michoro ambayo sikuitarajia.

Huku kwetu majina ya Kilatini yamekuwa majina ya nyumbani. Mke wangu, aliyeishia darasa la saba, hutaja *demodocus* na *dardanus* kama anavyotaja aina za muhogo. Mwaka wa kwanza nilifuga *Papilio demodocus*, ambaye viwavi wake hula majani ya ndimu na michungwa, na ambaye dume na jike wake hutofautiana kidogo sana. Huyo ndiye aliyenizoesha vibaya, maana niliamini kwamba aina moja ya kipepeo huwa na sura moja, basi.

Mwanzoni mwa 2018 nikaingia kwa *Papilio dardanus*. Badala ya kutafuta wazazi, nilikusanya viwavi wadogo kwenye vichaka vya jamii ya michungwa pembezoni mwa shamba. Wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, na wakikua huwa kijani. Ukiwagusa hutoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Niliacha pupa 30 zitoke palepale nyumbani ili nipate wazazi wangu mwenyewe. Kumi na sita wakatoka kama nilivyotarajia: njano iliyopauka, kingo nyeusi, na mkia mmoja mmoja kwenye kila bawa la nyuma. Kumi na wawili wakatoka weusi wenye mabaka makubwa meupe, bila mkia wowote. Wawili wa mwisho walikuwa na rangi ya chungwa iliyoiva, ncha nyeusi, na utepe mweupe ukipita ndani ya weusi huo.

Nilifikiri kwanza kwamba neti ilikuwa imetoboka na wageni wakaingia. Nikakikagua kizimba kizima kwa tochi, sikuona tundu. Kisha nikafikiri nimegundua aina mpya, na hapo ndipo akili iliponiruka. Sikumwambia mtu. Nilijenga kizimba cha pili kwa shilingi 9,000 nilizokopa, nikawatenga weusi na wale wawili wa chungwa upande mmoja na wa njano upande mwingine, ili aina yangu mpya isichanganyike na ile ya zamani. Nikangoja mayai. Wa njano hawakutaga hata moja. Weusi walitaga machache, nayo yakanywea bila kutoa kiwavi. Nilirudia jambo hilohilo na kizazi kingine kutoka vichakani, nikabadilisha mmea, nikaongeza kivuli, nikapuliza maji asubuhi na jioni. Miezi mitatu ilipita hivyo.

Aliyeniokoa ni mtafiti mmoja wa kike kutoka Nairobi, aliyekuwa akizunguka vijijini kuhesabu vipepeo wa msitu huu. Nilimwonyesha siri yangu huku nikimwomba asiwaambie wenzangu. Alivitazama vizimba viwili, akauliza vimekaa hivyo kwa muda gani, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mzee," akasema, "hujagundua aina mpya. Umetenganisha waume na wake zao."

Siku ile nilitamani ardhi ipasuke, ila leo naisimulia bila aibu, kwa sababu nimekuja kujua kwamba niliangukia shimo walimoangukia wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1860, Roland Trimen, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipoandika kwamba vipepeo hawa wa sura mbalimbali, waliokuwa wamepewa majina tofauti ya kisayansi, ni majike wa dume mmoja wa njano, baadhi ya wakusanyaji wa Uingereza walimpinga kwa kejeli. Ufugaji uliofuata ndio uliothibitisha kwamba mayai ya mama mmoja yaweza kutoa watoto wa sura zaidi ya moja.

Sababu yake ni ya kujilinda. Yule jike mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye ndiye wa kawaida zaidi hapa pwani, amefanana na *Amauris niavius*, kipepeo mwenye sumu ambaye ndege akimwonja mara moja hatamani tena. Yule wa chungwa amemwiga *Danaus chrysippus*, ambaye naye ana sumu. *Dardanus* mwenyewe hana sumu yoyote, ila amevaa kanzu ya mwenye sumu. Dume habadiliki; ni wa njano na mwenye mikia popote Afrika. Na huko Madagaska, jike naye amebaki wa njano na mwenye mikia kama mumewe, kwa hiyo mfugaji wa kule asingefanya ujinga wangu.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa anayeanza ni hili: kabla hujasema kipepeo ana mchoro usio wa kawaida, hakikisha umeshafuga vizazi viwili vya aina hiyo kutoka kwa mama unayemjua, na umewaona dume na jike wakipandana. Ukikusanya viwavi vichakani kama nilivyofanya mimi, huna mama wa kumwuliza.

Baada ya fedheha ile nilinunua daftari. Mtafiti alinifundisha kuandika namba ya mama, sura yake, tarehe ya kutaga, idadi ya mayai, na sura ya kila mtoto anayetoka. Kizazi cha kwanza nilichokiandika kilinishangaza upya: mama alikuwa mweusi na mweupe, baba wa njano, na kati ya mabinti 22 waliotoka, 10 walikuwa wa rangi ya chungwa. Rangi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa baba. Dume hubeba maelekezo ya rangi za majike kama mtu aliyebeba barua asiyoweza kuisoma. Yeye mwenyewe hayaonyeshi kamwe, lakini huwarithisha mabinti. Na sura nyeusi-na-nyeupe ya pwani ni nyonge kwa urithi, yaani hujitokeza pale tu binti anapoipokea kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo mama wa aina hiyo hawezi kuishinda rangi ya chungwa itokayo kwa baba.

Mengi ya haya yalitatuliwa Liverpool kuanzia miaka ya 1950 na Cyril Clarke na Philip Sheppard, waliofuga *dardanus* na kuwapandisha kwa mkono. Njia hiyo ya kupandisha kwa mkono ninaitumia hadi leo: unamshika kila mmoja mabawa yakiwa yamefungwa, unakutanisha ncha za matumbo taratibu, na dume akiwa amekula vizuri hufungua vibanio vyake na kumshika jike mwenyewe. Mara tatu za mwanzo nilivunja mabawa. Ya nne ilikubali, na nilibaki nimeshikilia vidole hewani dakika nzima nikiogopa kupumua.

Clarke alikuwa daktari wa hospitali, na kufikiri kwake juu ya urithi wa vipepeo ndiko kulikomwelekeza, yeye na wenzake, kwenye tatizo la damu ya Rhesus, yaani damu ya mama kuishambulia ya mtoto aliye tumboni, hadi ikapatikana sindano ya anti-D anayodungwa mama mwenye damu ya Rhesus hasi ili mimba inayofuata isidhurike. Mtafiti alinieleza jambo hilo tukiwa tumekaa mkekani tukinywa chai, kama kitu cha kupitisha muda tu. Mke wangu akanitazama. Yeye ni O hasi, na alidungwa sindano hiyo alipojifungua kifungua mimba wetu, kabla hatujapata hawa wawili waliofuata.

Ningekuwa na busara, ningebaki na daftari langu. Lakini mwaka 2019 nilijiunga na makundi ya mtandaoni ya watu wanaokusanya vipepeo, nikaona picha za vipepeo walioharibika michoro: madoa ya mabawani yanayofanana na macho yamevutika yakawa michirizi, tepe zimeyeyuka, weusi umemwagika kama wino. Chini ya picha kulikuwa na bei. Mnunuzi mmoja wa Ulaya aliniandikia kwamba angenilipa euro 40 kwa kila kipepeo mkavu wa namna hiyo kutoka Afrika Mashariki. Pupa moja wakati ule ilinipa shilingi 60. Mwenye kujua hesabu ataelewa usingizi ulivyoniondokea.

Nilisoma, juu juu, kwamba michoro ya aina hiyo inaweza kupatikana kwa kuzipa pupa baridi kali. Ni kweli. Tangu karne ya 19 watu wa Ulaya wamefanya majaribio hayo kwa barafu na joto, na matokeo yake yanajulikana vizuri. Nilichoshindwa kukisoma ni masharti yake. Nilichukua pupa 80 za *Junonia oenone*, yule mdogo mweusi mwenye doa la buluu linalong'aa kwenye kila bawa la nyuma, niliyekuwa nikimlisha majani ya tsalakushe, mboga ambayo hata sisi wenyewe huila. Nikaziweka katika boksi la plastiki, nikalisukuma chini kabisa ya friji ya soda dukani kwa shemeji yangu, nikamwambia ni dawa ya mifugo.

Zilikaa siku sita. Pupa 64 zilikufa. Zilikuwa laini na nyeusi, na shemeji aliponusa friji yake nililazimika kusema ukweli na kumlipa soda alizodai wateja wamezikataa. Tisa walitoka vilema, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyofinywa. Saba waliruka. Kati ya hao, watatu tu ndio walikuwa na tofauti yoyote: doa la buluu limepungua kwa mmoja, na kwa wawili yale madoa kama macho yalikuwa yamefifia na kuingiliana na michirizi ya pembeni. Nilimpigia mnunuzi picha. Alijibu kwa mstari mmoja kwamba michoro hiyo imetengenezwa na haina thamani, na sikumsikia tena.

Nilipata hasara ya shilingi 4,800 za pupa, 1,200 za soda, na imani ya shemeji, ambayo bei yake siijui. Baadaye nilielewa kosa la kitaalamu. Mchoro wa bawa huamuliwa mapema sana, katika saa za mwanzo hadi siku mbili hivi baada ya kiwavi kugeuka pupa, wakati ambapo ukimtazama kwa nje hakuna kinachoonekana kutendeka. Pupa zangu nyingi zilikuwa za siku nne au tano. Michoro yao ilikuwa imeshakatwa shauri, kwa hiyo baridi haikuwa na kazi nyingine zaidi ya kuua. Na hata wale watatu waliobadilika, ningewapandisha, watoto wao wangetoka wa kawaida kabisa, maana baridi huvuruga utekelezaji wa maelekezo lakini haigusi maelekezo yenyewe.

Kuna kosa lingine ambalo nusura liwe kubwa kuliko hilo. Kutuma kipepeo nje ya nchi, awe hai au mkavu, kunahitaji kibali kutoka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Mnunuzi yule alikuwa amenishauri niwafiche ndani ya kitabu na kukituma kwa posta. Nilikuwa nimeshanunua kitabu. Kama friji isingeniangusha, leo huenda ningekuwa naandika simulizi ya namna nyingine, kutoka mahali pengine. Mtu akikwambia uchumi wa kipepeo uko ndani ya kitabu, mkimbie.

Kwa vile nimetaja vilema, nieleze namna ninavyotenganisha tofauti ya kweli na ajali, kwani hapa ndipo wanaoanza hupotea zaidi. Bawa la kipepeo ni utando usio na rangi uliofunikwa kwa magamba madogo, yaliyolaliana kama makuti kwenye paa, na kila gamba lina rangi yake moja. Hayo ndiyo unga unaobaki vidoleni. Ukiona baka usilolijua, jambo la kwanza ni kuchukua kioo cha kukuzia, hata kile cha shilingi 200 cha watoto wa shule, na kuuliza kama kuna magamba pale. Kama unaona utando mtupu unaong'aa, huo ni mkwaruzo wa neti, mjusi au vidole vyako mwenyewe. Kama magamba yapo, yamepangika, na yana rangi isiyotarajiwa, endelea kuangalia.

Jambo la pili ni kulinganisha kushoto na kulia. Mchoro wa kurithi, au uliosababishwa na baridi au joto la pupa nzima, kwa kawaida huonekana pande zote mbili kwa namna moja. Baka lililo upande mmoja tu mara nyingi ni jeraha: pupa iliminywa ikiwa bado laini, ilidondoka, au iligusana na jirani yake bokosini. Nimetumia neno "mara nyingi" kwa makusudi, na nitarudi hapo, kwa uchungu.

La tatu ni hewa. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hewa ndani ya banda la mabati hukauka, na kipepeo anayetoka hushindwa kunyoosha mabawa kabla hayajakauka. Mabawa yaliyokunjamana hivyo huleta michoro ya ajabu machoni, kumbe ni ileile iliyokunjwa. Tangu nilipoanza kutandika magunia mabichi chini ya pupa, vilema wamepungua sana.

Na la nne ni msimu. *Bicyclus*, wale vipepeo wa kahawia wanaoruka chini chini kivulini, nilikuwa nimewaandika daftarini kama aina mbili: wenye macho makubwa mabawani, na wasio nayo. Ni aina moja. Wanaokua wakati wa mvua na joto hutoka na macho makubwa yanayomvuta mshambuliaji aume ukingo wa bawa badala ya kiwiliwili. Wanaokua kuelekea kiangazi hutoka na macho yaliyokaribia kufutika, na hujificha juu ya majani makavu. Hapa sikupoteza fedha, nilipoteza kurasa nne tu za daftari.

Sasa nirudi kwenye uchungu. Baada ya mkasa wa friji nilichukia kila kipepeo aliyetoka tofauti. Nilijiambia kwamba kila tofauti ni kilema, na kila kilema ni chakula cha kuku. Machi 2020 ndege za abiria za kimataifa zikasitishwa nchini kwa sababu ya Korona, nyumba za maonyesho ng'ambo zikafungwa, na soko likafa. Nilikuwa na pupa 212 ambazo hazikuwa na pa kwenda, nyingi zikiwa za *dardanus*. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, karibu pupa zangu zote zilifunguka mbele ya macho yangu. Katika miaka ya kawaida, mfugaji huuza mamia ya pupa bila kuona kilichokuwa ndani. Kinachotoka hutokea kwenye chumba chenye joto mahali fulani Uingereza, na kikiwa cha ajabu, anayekiona ni mtu mwingine.

Asubuhi moja, katikati ya mvua za masika, nilimkuta kipepeo sakafuni mwa kizimba akizunguka duara. Aliruka shubiri moja, akaanguka upande wa kulia, akaruka tena. Nilimwokota. Upande wake wa kushoto ulikuwa wa njano, wenye kingo nyeusi, na bawa la nyuma lilikuwa na mkia. Upande wa kulia ulikuwa mweusi wenye mabaka meupe, bila mkia. Mpaka kati ya pande hizo mbili ulipita katikati ya mwili wake, kama kitambaa kilichoshonwa kutoka vipande viwili.

Mwenye kusoma hadi hapa ameshajua. Mimi nilikuwa na majibu yote daftarini mwangu: dume ni wa njano mwenye mkia, jike ni mweusi asiye na mkia. Lakini nilikuwa na kanuni yangu pia, kwamba pande mbili zisipofanana ni jeraha. Nilimtazama labda kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Nikawaza juu ya pupa iliyominywa, juu ya shemeji na soda zake, juu ya vinywa vitano vya kulisha bila soko. Nikafungua mlango wa kizimba nikamrusha uani. Kuku mwekundu alimfikia kwanza.

Mwaka uliofuata mtafiti alirudi. Tulikuwa tukipitia kurasa za daftari, akawa ananieleza kwamba kwa vipepeo jike ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsi zisizofanana, yaani nyuzi zibebazo urithi wa jinsi, na kwamba mara chache sana hutokea kosa mwanzoni kabisa, yai linapoanza kugawanyika au linapotungwa, nusu moja ya mwili ikakua dume na nusu nyingine jike. Kwa aina nyingi, alisema, unaweza usitambue, kwa sababu dume na jike hufanana. Lakini kwa *dardanus* — akachora kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ukurasa, upande mmoja mkia, upande mwingine hakuna — kwa *dardanus* hata mtoto angeona.

Nilinyanyuka nikaenda nyuma ya nyumba. Niliporudi nilimwambia. Hakunicheka safari hii. Aliuliza maswali matatu tu: tarehe, namba ya mama, na picha. Sikuwa na lolote. Kwa vile hakukuwa na soko, nilikuwa nimeacha kuandika.

Siku hizi hakuna kipepeo anayetoka kizimbani kwangu kwenda kwa kuku kabla hajapigwa picha mara mbili, juu na chini ya mabawa, mchana kivulini na si chini ya balbu, maana balbu ya njano hugeuza nyeupe kuwa njano na kuleta uongo. Pembeni yake naweka karatasi yenye tarehe na namba ya mama. Kazi hiyo inachukua dakika moja. Mwaka 2022 ilinilipa: niliomba kibali cha kuleta mama mmoja wa *Danaus chrysippus* kutoka upande wa Kitengela, akataga mayai 60, yakaanguliwa 27 tu, na watoto wote waliofika utu uzima wakawa majike. Zamani ningelaumu mmea au joto. Safari hii niliandika kila kitu na kumtumia mtafiti, nikajibiwa siku ileile: maeneo ya Nairobi majike wengi wa aina hiyo wana bakteria aitwaye *Spiroplasma*, anayeua watoto wa kiume wakiwa bado mayai, na katika koo hizo kromosomu yenye maelekezo ya rangi imeungana na kromosomu ya kike. Nusu ya mayai kutoanguliwa ndiyo alama yake. Kurasa zangu za majike wale zilinakiliwa zote, na gharama za kibali nikarudishiwa.

Kuhusu yule wa 2020, kuku hakummaliza. Binti yangu, ambaye shule zilikuwa zimefungwa na alikuwa ameketi uani akikuna nazi, aliokota kipande kilichobaki kwa sababu kilikuwa kizuri, akakihifadhi ndani ya daftari lake la Sayansi. Alinionyesha jioni ileile mtafiti alipoondoka. Tumekiweka katika bahasha ya pembetatu ya karatasi laini, kama inavyotakiwa, mbali na sisimizi na unyevu. Ni bawa la mbele la kulia, jeusi lenye mabaka meupe, magamba yake yako karibu yote, na haliwezi kutofautishwa na bawa la jike mwingine yeyote wa pwani.

Upande wa njano ndio ulioliwa.